Nimefungua poti kwenye ruta, mbona seva yangu haifikiki nikiwa nje?

Swali: "Ninaishi Tanga na nina kompyuta mpakato ya zamani niliyoiwekea Debian 12, aina ya Linux. Ndani yake kuna Nextcloud yenye picha za familia na hesabu za duka letu la vifaa vya ujenzi lililoko Korogwe. Nikiwa nyumbani inafunguka vizuri kwa 192.168.1.20, lakini nikiwa dukani haifunguki kabisa. Kivinjari kinazunguka tu, kisha kinasema muda umeisha. Intaneti ya nyumbani ni ruta ya 4G yenye laini. Nimefungua poti 22 na 443 kwenye ruta, nimejiandikisha jina la bure la DNS linalojisasisha lenyewe, bado hakuna kitu. Tovuti za kuangalia IP zinanionyesha namba inayoanzia 41, ila ukurasa wa hali wa ruta unaonyesha 100.71 na kuendelea. Fundi mmoja ameniambia ninunue IP ya kudumu, mwingine anasema niiweke kompyuta kwenye DMZ na mambo yataisha. Mdogo wangu yuko Hamburg, naye anataka kuona picha. Nifanye nini? Na nikifanikiwa, sitakuwa nimewafungulia wezi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeziandika namba zote mbili, ile ambayo tovuti za nje zinaiona na ile ambayo ruta yako yenyewe inaiona. Jibu limo humo. Ruta yako haina kosa, Debian haina kosa, na jina ulilojiandikishia linafanya kazi yake sawasawa. Hata ungefungua poti (milango ya mawasiliano yenye namba) zote 65,535, matokeo yangekuwa haya haya, kwa kuwa ombi la kutoka Korogwe halijawahi kufika kwenye ruta yako hata mara moja. Linaishia kwa mtoa huduma wako. Hofu yako ya wezi nayo ni ya haki, na sitaisukuma mwishoni kama nyongeza, kwa sababu njia utakayoichagua ya kuifikia seva ndiyo itakayoamua ni nani mwingine anayeweza kuifikia.

Tuanze na namba. Anwani za IPv4, yaani namba zinazovitambulisha vifaa kwenye intaneti na ambazo bado zinabeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu, zina biti 32, na hivyo haziwezi kuzidi bilioni 4.3 dunia nzima. Februari 2011 IANA, inayosimamia mgawanyo wa anwani hizi duniani, iligawa mafungu ya mwisho yaliyobaki kwa mamlaka za kanda. Afrika tunahudumiwa na AFRINIC yenye makao yake Mauritius, ambayo Januari 2020 iliingia katika awamu ya pili ya mgawo wa kubana, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni ya simu yenye wateja kwa mamilioni haiwezi kumpa kila mwenye laini anwani yake kwa hesabu ya namna hiyo. Inachofanya ni kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, na ndani kwa ndani kuwapa anwani kutoka fungu lililotengwa Aprili 2012 mahususi kwa kazi hii, ambalo linaanzia 100.64.0.0 na kuishia 100.127.255.255. Namba yako ya 100.71 imo ndani ya fungu hilo. Ile inayoanzia 41 ni ya mtoa huduma, na kuna watu wengine wengi usiowafahamu wanaoitumia wakati huu huu pamoja nawe.

Msomaji mwingine mwenye shida kama hii afungue ukurasa wa hali wa ruta yake, aitafute anwani ya upande wa nje, na ailinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikifanana, ana anwani ya hadharani na tatizo lake liko kwingine. Ikiwa ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, au na 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, basi yuko katika hali yako, au ruta yake iko nyuma ya ruta nyingine ya nyumbani kwake mwenyewe.

Fikiria shule ya bweni yenye wanafunzi mia nane na sanduku moja la posta. Mwanafunzi akiandika barua kwenda nje, ofisi inaandika daftarini nani kamwandikia nani, na majibu yakirudi yanamfikia. Lakini ikija barua kutoka kwa mtu asiyewahi kuandikiwa, juu yake pana namba ya sanduku peke yake, ofisi haina mtu wa kumpa na barua inatupwa. Ruta yako ni kiranja wa bweni. Ulipofungua poti 443 ulimwambia kiranja, "barua zote za namna hii mpe Debian," naye amekubali na anasubiri. Ofisi ya shule, yaani mtambo wa mtoa huduma, haijaambiwa chochote, na haiwezi kukubali, kwa kuwa poti 443 ni moja na wanafunzi ni mia nane.

Kwa msingi huo unaweza kuona kwa nini lile jina la bure halikusaidia. Linakuelekeza kwenye namba inayoanzia 41, na namba hiyo ni ya kweli, ila ni lango la mtoa huduma. Jina linalojisasisha hutibu ugonjwa mwingine, wa anwani ya hadharani inayobadilika kila ruta inapowashwa upya, na wewe huna anwani ya hadharani ya kubadilika.

Ushauri wa fundi wa kwanza una ukweli nusu. Unachokihitaji ni anwani ya hadharani, na kudumu kwake ni jambo la pili. Ukienda dukani kwa mtoa huduma ukaomba "IP ya kudumu" bila maelezo, unaweza kupewa anwani ya ndani isiyobadilika, ukailipia kila mwezi, na bado usifikike kutoka nje. Uliza hivi: je, anwani hiyo ni ya IPv4 ya hadharani, itaonekana kwenye ruta yangu yenyewe, na miunganisho inayoanzia nje inaruhusiwa? Wenye faiba mara nyingi huweza kuipata kwa malipo ya ziada au kwa kuhamia kifurushi cha biashara. Kwa laini ya 4G ya mtu binafsi ni shida zaidi, ingawa kuuliza si kosa.

Ushauri wa pili nauogopa, na naomba usiufuate. Kwenye ruta za nyumbani, DMZ maana yake ni kwamba kila muunganisho kutoka nje usio na mwenyewe unapelekwa kwenye kompyuta uliyoitaja, kwa poti yoyote. Leo hautakusaidia chochote, kwa sababu hakuna muunganisho wa nje unaofika. Hatari iko siku za usoni: mtoa huduma anaweza kubadilisha mpangilio wake, au wewe ukanunua anwani ya hadharani, au ukahamishia ruta kwenye huduma nyingine, na usiku huo huo kompyuta yenye hesabu za duka ikawa uchi mbele ya dunia nzima bila wewe kugusa kitu. Kama umeshaiwasha DMZ, izime leo. Zifute pia zile kanuni za poti 22 na 443 kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni isiyofanya kazi huwa inasahaulika, na siku ikianza kufanya kazi hakuna anayekumbuka kuwa ipo.

Sasa suluhisho. Turudi kwa yule mwanafunzi: hawezi kuandikiwa na mgeni, lakini yeye anaweza kuandika wakati wowote, na akishaandika njia ya majibu inabaki wazi kwa muda. Njia zote za maana za kutoka kwenye hali yako zimejengwa juu ya jambo hili moja. Seva yako haipigiwi. Inapiga yenyewe kwenda mahali penye anwani ya hadharani, inaishikilia laini isikatike, na wewe wa Korogwe unaingia kupitia laini hiyo hiyo.

Kabla ya kuchagua njia, jibu swali ambalo mafundi wote wawili hawakukuuliza: ni nani hasa anatakiwa kuingia? Kwa maelezo yako ni wewe, labda mhudumu wa dukani, na mdogo wako aliye Hamburg. Hao ni watu watatu unaowajua kwa majina, wenye simu na kompyuta unazoweza kuzitaja. Hakuna mgeni hata mmoja mwenye haja na seva hii. Kwa hiyo huna sababu ya kuwa na tovuti inayoonekana na dunia nzima, wala ya kusumbuka kuilinda dhidi ya dunia nzima. Ungekuwa unataka wateja waone bei za saruji na mabati, ningekujibu tofauti.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni huduma za mtandao wa faragha kama Tailscale au ZeroTier. Unaweka programu kwenye seva, unaweka kwenye simu, unaingia kwa akaunti moja, na vifaa vinaonana kana kwamba viko chumba kimoja. Programu hizi huvifundisha vifaa viwili vilivyojificha nyuma ya mitambo ya watoa huduma kutumiana pakiti, yaani vipande vya data, kwa wakati mmoja, ili kila upande uonekane kama ndio ulioanza kuandika. Ikishindikana, mawasiliano hupitia seva ya kati yakiwa yamesimbwa tayari, yaani yamefichwa kwa funguo za siri. Usishtuke ukiona Tailscale inavipa vifaa vyako anwani zinazoanzia 100, kwani inatumia fungu lile lile la 100.64. Udhaifu wake ni kwamba orodha ya vifaa na ruhusa zake inasimamiwa na kampuni ya nje, na akaunti unayoingilia ikiibiwa, mwizi anaweza kuongeza kifaa chake. Kwa mtu asiye na muda wa kushika amri za Linux, hii ndiyo njia ninayompendekezea bila kusita, mradi akaunti hiyo ailinde kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Ipo njia ya Cloudflare Tunnel, ambayo pia haihitaji poti iliyofunguliwa, na ambayo huipa seva yako jina la kawaida linalofunguka kwenye kivinjari chochote. Ni nzuri kwa tovuti ya hadharani. Kwako wewe sioni kama inafaa, kwa sababu usimbaji wa kivinjari unafunguliwa kwa kampuni hiyo kabla ya kufika kwako, na kwa kifurushi cha bure ombi moja lenye zaidi ya megabaiti 100 hukataliwa, jambo linaloweza kukukwaza unapopandisha video za harusi.

IPv6 ingeweza kumaliza suala hili kabisa, maana ina biti 128 na kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake. Andika `ip -6 addr` kwenye seva. Ukiona anwani inayoanza na 2, unayo. Lakini itakusaidia pale tu ambapo simu yako ya dukani nayo inayo, na ruta imeruhusu, na mtoa huduma hakuzuia katikati. Siwezi kukushauri utegemee mambo matatu yasiyo mikononi mwako.

Kwa kuwa umeweza kuweka Debian na Nextcloud mwenyewe, pendekezo langu kwako ni WireGuard, programu ya mtandao wa faragha (VPN), kupitia seva ndogo ya kukodi. Seva ndogo kabisa yenye anwani ya hadharani hupatikana kwa takribani dola 5 za Marekani kwa mwezi, na kazi yake itakuwa kupokea simu na kuunganisha, hivyo haihitaji nguvu. WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Debian 12 inayo tayari, unahitaji tu kuweka kifurushi cha `wireguard`. Kila kifaa kinatengeneza jozi ya funguo, wa siri na wa wazi, na vinapeana zile za wazi tu. Faili la `/etc/wireguard/wg0.conf` kwenye kompyuta yako ya nyumbani litakuwa fupi hivi:

[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa nyumbani)
Address = 10.77.0.2/24

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa seva ya kukodi)
Endpoint = (namba ya IP ya seva ya kukodi):51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa mwisho ndio roho ya mpango mzima. Mtambo wa mtoa huduma hufuta kumbukumbu ya mawasiliano yaliyokaa kimya, mara nyingine baada ya nusu dakika tu. Mstari huo unaiamuru kompyuta itume pakiti tupu kila sekunde 25 ili njia isifungwe. Usiogope bando: pakiti hizo kwa siku nzima hazifikishi megabaiti moja. Ila mstari wa `AllowedIPs` uuangalie sana. Maelekezo mengi yaliyosambaa huandika hapo 0.0.0.0/0, kwa kuwa yameandikwa kwa watu wanaotaka intaneti yao yote ipite kwenye VPN. Ukiyanakili kama yalivyo, kila kitu kinachofanywa na kompyuta yako kitazunguka kwanza kwenye seva ya kukodi.

Simu yako iwe 10.77.0.3, ya mhudumu 10.77.0.4, ya mdogo wako 10.77.0.5, na seva ya kukodi yenyewe 10.77.0.1. Faili la seva ya kukodi liwe na kipande cha `[Peer]` kwa kila kifaa, `AllowedIPs` ikiwa ni anwani ya kifaa hicho peke yake pamoja na /32. Huko uwashe pia `net.ipv4.ip_forward=1`, la sivyo pakiti zitafika kwake na kufia hapo. Kwenye ukuta wa moto wa seva ya kukodi ruhusu poti 51820 ya UDP, inayotumiwa na WireGuard, kutoka nje, SSH (njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali) kwa ajili yako, na mawasiliano ya vifaa vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya wg0. Hakuna kingine. Nyumbani hufungui kitu chochote.

Ukimaliza, andika `wg show` na utafute mstari wa "latest handshake". Ukiwepo na muda wake ni wa chini ya dakika mbili au tatu, mmeunganishwa. Usipoonekana kabisa, karibu kila mara ni ufunguo ulionakiliwa vibaya au poti ya UDP iliyosahaulika. WireGuard haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi, haimwambii hata kwamba amekosea, na ukimya huo unaotuudhi wakati wa kuweka mitambo ndio unaotulinda baadaye. Ikiwa mmeunganishwa lakini Nextcloud inakuambia kwamba umeingia kwa jina isilolitambua, ongeza 10.77.0.2 kwenye orodha ya `trusted_domains` ndani ya `config.php`. Na kama ukurasa wa kuingilia unafunguka vizuri ila picha zinakwama, punguza ukubwa wa pakiti kwa kuandika `MTU = 1280` chini ya `[Interface]` pande zote, kwa maana baadhi ya mitandao ya simu hudondosha pakiti kubwa bila kusema. Majaribio yote uyafanye simu ikiwa kwenye data yake, Wi-Fi ya nyumbani ikiwa imezimwa.

Mahali pa kukodi pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Seva ikiwa Frankfurt, kila picha unayoifungua Korogwe inatoka Tanga, inakwenda Ujerumani na kurudi, ilhali nyumbani na dukani pametengana kwa takribani kilomita mia moja. Siku za kawaida utaona kuchelewa kidogo tu. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika siku kama hiyo duka linalotegemea Frankfurt halifikii hesabu zake zilizoko Tanga. Ukipata seva ya kukodi ndani ya Tanzania, au Nairobi, kwa bei unayoimudu, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Mdogo wako wa Hamburg ndiye atakayesubiri, naye anaangalia picha tu.

Kuhusu wezi. Mpango huu umekwisha kukuondolea sehemu kubwa ya hatari, kwa kuwa hakuna mlango wa nyumbani unaoonekana nje. Seva ya kukodi, hata hivyo, iko barabarani, na ndani ya saa chache tangu iwashwe utaona kwenye `journalctl -u ssh` majina kama root na admin yakijaribiwa mfululizo na mashine zisizolala. Hazikulengi wewe, zinajaribu kila anwani duniani. Dawa yake ni kuacha kabisa nywila: tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwa `ssh-copy-id`, kisha andika `PasswordAuthentication no` na `PermitRootLogin no` kwenye mpangilio wa SSH. Dirisha la kwanza liache wazi, fungua la pili na uhakikishe unaingia kwa ufunguo, ndipo ulifunge la kwanza. Watu wengi wamejifungia nje kwa kuharakisha hatua hii moja. Kuhamisha SSH kutoka poti 22 kwenda nyingine hupunguza kelele kwenye kumbukumbu, lakini usikuhesabu kuwa ni ulinzi.

Weka `unattended-upgrades` kwenye mashine zote mbili ili masasisho ya usalama yajiweke yenyewe. Nextcloud uisasishe kwa mkono, kwa sababu haiji na masasisho ya Debian. Kama uliiweka kwa Docker, programu inayoendesha huduma ndani ya makasha yaliyotengwa, jua kwamba poti zinazotangazwa na Docker hupita kando ya kanuni za ufw, programu ya ukuta wa moto; ufw inaweza kukuambia imefunga huku mlango uko wazi. Na uendelee kutumia HTTPS hata ndani ya WireGuard, kwa kuwa kwa mpangilio huu pakiti hufunguliwa kwenye seva ya kukodi kabla ya kusimbwa tena kuelekea nyumbani, na mwenye mtambo ule si ndugu yako. Ukiwa na domeni yako, cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt unaweza kukipata kwa uthibitisho wa DNS bila kufungua poti yoyote.

Kompyuta mpakato ya zamani inayokaa kwenye umeme saa zote ina mambo yake. Betri ikianza kuvimba, ukaona kibodi inainuka au kifuniko hakifungi vizuri, izime na umwone fundi. Hilo ni jambo la moto, halingoji. Betri ndogo ya saa ndani yake nayo hufa kwa uzee. Umeme ukikatika mpaka mashine ikazimika, itawaka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na WireGuard itakataliwa na upande wa pili kwa sababu hukagua muda wa kila salamu ili mtu asirudishe salamu ya zamani aliyoinasa. Saa ikijirekebisha kupitia intaneti, muunganisho unarudi wenyewe, kwa hiyo hakikisha `timedatectl` inaonyesha kwamba saa inasawazishwa. Ndiyo sababu pia nimekuandikia namba ya IP kwenye `Endpoint` badala ya jina: baada ya umeme kurudi, kompyuta huweza kuwaka kabla ya ruta, ikakosa wa kumuuliza jina, na WireGuard isiamke.

Nakala rudufu za hesabu za duka ziwe mahali pengine, nje ya nyumba hiyo. Diski moja inayounganishwa mara moja kwa juma, kisha kutolewa na kupelekwa dukani Korogwe, inatosha kuanzia. Picha na hesabu zikiwa kwenye mashine moja tu, kufikika kwake hakutakusaidia siku diski itakapokufa.

Liko pia suala la sheria, na usilipuuze. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN wajisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Mpango niliokueleza, na hata Tailscale, ni VPN, ijapokuwa unaunganisha vifaa vyako mwenyewe. Wasiliana na TCRA upate utaratibu wa sasa na ujisajili kabla ya kuanza. Na kama hesabu za duka zina majina na namba za simu za wateja wanaodaiwa, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, maana inakuhusu wewe mwenye kuzihifadhi.

Mtu wa kuja nyumbani mwite katika hali hizi. Ukikuta faili zimebadilishwa majina na hazifunguki, au kichakato usichokijua kinakula nguvu yote ya kompyuta usiku kucha, au akaunti usiyoitengeneza, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, usifute chochote, na umtafute mtaalamu wa usalama wa mifumo aione ikiwa jinsi ilivyo. Mwite pia kama mauzo ya kila siku yameanza kutegemea seva hii kiasi kwamba ikilala nusu siku duka linasimama. Hapo pengine hesabu zihamie kwenye huduma ya kulipia na nyumbani pabaki picha, na hilo linahitaji mtu aone mnavyofanya kazi.

Fundi yeyote utakayemlipa kwa kuweka WireGuard, funguo za siri zitengenezwe kwenye vifaa vyenu mbele yako, asizitume kwa WhatsApp. Kabla hajaondoka akuandikie karatasini kifaa kipi kina anwani ipi, na akuonyeshe namna ya kufuta kipande cha `[Peer]` cha simu iliyopotea. Simu ya mhudumu ikiibiwa Korogwe, hilo ndilo utakalotakiwa kulifanya ndani ya dakika chache, na utalifanya peke yako.